Ndege wa Kifua Cheupe

Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni na kazi ya kutafuta picha za ndege, akaniomba simu. Yeye amekaa chini sakafuni, mimi niko kwenye kochi namenya chungwa. Akageuza simu nione. "Mama, huyu anaitwaje?" Nikatazama. Kandege kadogo, mgongo rangi ya majani makavu, kifua cheupe, miguu mirefu myembamba, jicho kubwa jeusi. Kamesimama chini msituni kananitazama. Mara nikasikia mtoto anacheka, nikawa najiuliza anacheka nini, hadi nilipojiangalia nikakuta nimepandisha miguu yote miwili kwenye kochi. Mama mzima, nyumba ina vigae, tena katikati ya Tunduma, ambako ndege tunaowajua ni kunguru na shomoro wanaookota mahindi chini ya malori.

"Mama, unaogopa ndege?"

Naogopa, ndiyo. Kwa mwoga huenda kicheko, basi acha acheke. Lakini ninyi wa rika langu, mliokulia kwenye nyumba za udongo na mliowahi kuachiwa mtoto mchanga mkiwa bado na mapengo mdomoni, ninyi mtanielewa. Kwa hiyo nawasimulia ninyi, huyu binti yangu atasoma akikua.

Kwetu ni Ibaba, juu kule Ileje, mahali ambapo ukungu unaingia ndani bila kubisha hodi na unakaa mpaka uchoke. Nyumba yetu ilikuwa mwisho wa shamba la viazi. Baada ya shamba kuna migomba, baada ya migomba mianzi, na baada ya mianzi ardhi inaporomoka kuelekea kijito. Huko chini kulikuwa na msitu mwembamba uliobanwa na bonde, wenye giza mchana kweupe, na ndimo tulimochota maji. Wenzangu walikuwa wanaimba wakishuka. Mimi nilikuwa nashuka kimya, maana sikutaka kujulisha mtu yeyote kwamba nimefika.

Yule ndege alikuwa anaishi humo. Hakupanda juu ya miti kama ndege wengine wenye akili zao. Alikaa chini, kwenye vichaka na majani yaliyooza, goti langu lilikuwa juu kuliko yeye. Humsikii akija. Unainama kuchota, unainua uso, na pale ulipokuwa unaona jani sasa kuna jicho. Anatikisa mkia mara moja, anakutazama, halafu hayupo. Watoto wengine hawakumjali. Mimi nilimjali, kwa sababu nilikuwa na jambo langu naye ambalo sikumwambia mtu.

Jambo lenyewe ni hili. Kabla sijaanza shule, mama alizaa mtoto wa kiume. Nilimwona mara chache, amefungwa blanketi, ananuka maziwa na moshi. Asubuhi moja nikapelekwa kwa mama mkubwa haraka haraka, hata uji sijamaliza. Wakati tunaondoka nilimwona yule ndege uwanjani kwetu, chini ya migomba, yeye ambaye hajawahi kutoka bondeni. Hakuwa peke yake. Niliporudishwa nyumbani nikakuta wanawake wamekaa chini, mama kageukia ukutani, na mtoto hayupo. Nikamuuliza mama mkubwa mtoto yuko wapi. Akasema, "Nenda kacheze." Nikamuuliza bibi, mama yake baba, yeye hakunijibu kabisa, na bibi alikuwa mtu wa kujibu kila kitu. Sasa mtoto asipojibiwa anajijibu mwenyewe. Nikajijibu kwamba wamekuja wale ndege, wamemchukua.

Msicheke. Nilikuwa mdogo, na hesabu ilikuwa inakubali: ndege wamekuja, mtoto ameondoka. Sikusema kwa sababu niliamini nikilitaja jambo hilo, wenyewe watasikia huko bondeni na watajua kwamba nawajua.

Basi mama akapata mimba nyingine, na kila tumbo lilivyokua ndivyo nilivyozidi kukosa usingizi. Alijifungua msimu wa mvua, nikiwa darasa la kwanza. Alijifungua kwa shida, akarudi nyumbani amepauka, anatembea ameshika ukuta. Baba alikuwa Tunduma anabeba mizigo mpakani, kwa hiyo nyumba ilikuwa chini ya bibi. Bibi akafanya yale yanayofanywa kwetu. Akaweka karai la makaa chumbani ili mtoto asipate baridi. Akauchukua mchi wa kinu, akaulaza chini mlangoni, kizingitini kabisa. Maana yake mama na mtoto hawauvuki mpaka kitovu kidondoke. Na jina mtoto alikuwa hajapewa.

"Ambaye kitovu hakijadondoka bado ni mgeni," bibi aliniambia. "Mgeni ukimtoa nje hajui njia ya kurudi. Umenielewa, Tusekile?"

Nilimwelewa sana. Bibi angesema jua linapikwa asubuhi kwenye chungu, ningekubali.

Siku ninayoisema, mvua ilikuwa imenyesha usiku wote na ilipokucha ikabaki manyunyu. Bibi alichukua jembe na kikapu akaenda shamba la ng'ambo kuchimba viazi, kwa kuwa ndani palikuwa hapana kitu. Akanikalisha kwenye kigoda karibu na mlango. "Mama yako hajalala tangu juzi. Usimwamshe. Mtoto akilia mpakate. Na mlango huo usiuvuke naye." Akaenda, nikamwona anamezwa na ukungu, kwanza miguu, halafu kikapu.

Kwa muda palikuwa na amani. Mama anakoroma kidogo, makaa yanalialia, mtoto amelala mdomo wazi. Halafu nikagundua kuku wetu hawapo. Kuku ambao siku nyingine huwezi kuwafukuza mlangoni, leo wako mbali kule kwenye mkokoteni mbovu, wamepanda juu wamebanana, hata jogoo. Nikatoa kichwa nje nijue wanaogopa nini. Ndipo nikamwona.

Alikuwa chini ya migomba. Akarukaruka mara mbili, akasimama. Akarukaruka tena, sasa yuko uwanjani. Kifua chake cheupe kilionekana wazi kwenye ukungu. Nikavua ndala nikamrushia. Akasogea pembeni kidogo, bila haraka, akarudi palepale. Nyuma yake akatokea wa pili. Kisha wengine wawili kutoka kwenye mianzi, na mwingine huyo yuko pembeni ya ukuta wa nyumba, ametulia, ameinamisha kichwa kama anasikiliza watu walio ndani.

Nilitaka kupiga kelele. Jirani wa karibu yuko ng'ambo ya shamba na ukungu umefunga kote, nani angenisikia? Mama nimekatazwa kumwamsha. Kukimbia na mtoto nimekatazwa, na si kukatazwa tu, nilijua nikivuka naye mchi nitakuwa nimemuua kwa mikono yangu. Ndani wanakuja kumchukua, nje anakufa. Nikasimama na ufagio katikati ya mlango, na mmoja wao akaruka akatua juu ya mchi wenyewe. Akanitazama. Hakuna jicho la kiumbe lililowahi kunitisha namna ile, na nimeishi na watu.

Hapo nikafanya nililoweza kufikiri. Kwetu mwewe akionekana angani, vifaranga tunavifunika kwa tenga, juu ya tenga tunaweka jiwe. Mwewe anazunguka, anachoka, anaenda zake. Sasa kama tenga linamshinda mwewe, hawa wadogo watafanya nini? Nikamtoa mtoto ubavuni mwa mama, polepole, nikatandika blanketi chini kwenye kona ya mbali kabisa na mlango, nikamlaza. Nikamfunika kwa tenga kubwa la mianzi. Nikakokota jiwe la kusagia, sijui nguvu nilizitoa wapi, nikalipandisha juu. Kisha nikarudi mlangoni na ufagio wangu. Nilijiona nimemaliza kazi ya mtu mzima.

Lakini mambo yalizidi kuwa ya ajabu. Mende akapita katikati ya miguu yangu akikimbilia nje. Akafuata buibui, yule mkubwa wa kwenye dari, ambaye hata siku moja sijamwona akishuka. Wakafuata nyenje, jongoo, mende wengine, wote wanatoka ndani, wanavuka mchi, wanakwenda moja kwa moja kwenye midomo ya wale ndege. Na ndege wanaokota tu. Mmoja huku, mmoja kule, bila kugombana. Nikasema kumbe wanaita. Wanaita vitu vya nyumbani kwetu na vinatii, vinatoka vyenyewe kwenda kuliwa. Wakimaliza wadudu watamwita mtoto, naye atatoka. Nilianza kulia kimyakimya, machozi na kamasi pamoja.

Kisha nikasikia sauti. Ilikuwa kama manyunyu yanayoanguka juu ya majani makavu, ila haikutoka nje, ilitoka nyuma yangu, kutoka ndani ya chumba. Nikaogopa kugeuka. Kitu kikanichoma kwenye kifundo cha mguu, kikachoma tena juu yake. Na papo hapo mtoto akalia, si kile kilio cha njaa nilichokizoea. Alilia kama anayekatwa.

Niligeuka. Kona ile ya mbali niliyoichagua ilikuwa nyeusi. Ukuta ulikuwa mweusi kutoka chini hadi dirishani, na weusi huo ulikuwa unatembea. Siafu. Walikuwa wanaingia kwa nyuma, wakati mimi nalinda mbele. Walikuwa wameshazunguka tenga na wanapanda. Nikakimbilia pale, nikashika jiwe. Halikunyanyuka. Jiwe nililolipandisha mwenyewe muda si mrefu sasa halisogei hata kidogo, mikono inateleza, siafu wananipanda hadi mapajani, mtoto analia ndani na mimi nalia nje.

Sikumwamsha mama, kilio kilimwamsha. Alikaa kitandani, akatazama ubavuni hapana mtoto, akatazama kona. Yule mwanamke aliyekuwa anatembea kwa kushika ukuta aliruka, akalipiga tenga teke, jiwe na tenga vikaenda upande wao, akainama akamnyakua mtoto na blanketi na siafu wote kwa pamoja, akakimbilia mlangoni.

Mlangoni akasimama. Naliona hadi leo. Mchi ulikuwa pale chini, na mama amesimama mbele yake kama mbele ya mto uliofurika. Alikuwa anahema. Mtoto anapiga yowe. Nikashika kanga yake kwa nyuma nikasema, "Mama, bibi alisema." Sikumaliza. Mama akavuka.

Ndege walitawanyika mbele yake, wakatua hatua chache pembeni. Nikatoka mbio nyuma yake nikijua kwamba nina mdogo kwa muda mfupi tu uliobaki. Akapiga magoti pale kwenye mkokoteni, chini ya kuku, akamvua mtoto nguo zote kwenye yale manyunyu, kiganja kimoja amekiweka juu ya kitovu kukikinga, kwa kingine anang'oa siafu. Walikuwa nyuma ya sikio, kwenye mikunjo ya mapaja, katikati ya vidole. Siafu unamvuta mwili unakatika, kichwa kinabaki kimeng'ata.

"Njoo huku, tumia kucha," mama alisema. "Kucha zako ni ndogo. Shika kichwa chake, siyo mgongo."

Nikawa nang'oa. Wakati huo ndege walikuwa wamesharudi kazini kwao, mmoja akafika hadi karibu na goti la mama akaokota mende. Nikaokota jiwe.

"Waache," mama akasema. "Hawana shida na sisi. Siafu wakitoka, wadudu wanakimbia, nao wanakula wanaokimbia. Ukiwaona wamepanda kutoka bondeni, ujue siafu wako njiani."

"Ndio waliomchukua yule wa kwanza," nikasema. Sijui ujasiri niliupata wapi. Nadhani niliona tumeshaharibikiwa, hakuna cha kuficha tena.

Mama aliacha kung'oa. "Nani kakwambia?"

"Niliwaona. Siku ile mliyonipeleka kwa mama mkubwa. Walikuwa hapa."

Akajifuta mvua usoni kwa bega. "Ni kweli," akasema. "Siku ile nao walikuwepo." Akarudi kwenye mtoto kung'oa.

Ndipo nikamwona bibi. Alikuwa anakuja kati ya matuta, kikapu kichwani, jembe begani. Kama kuna hofu inayoipita ile ya ndege, ilikuwa hiyo. Bibi wangu kila mtu alimwogopa, hata baba na ndevu zake. Nikajua sasa kutakuwa na maneno, mama atasemwa mbele ya wazee, na mtoto akifa itakuwa ni mama aliyemtoa. Nilijificha nyuma ya mgongo wa mama, nikabana macho.

Nilipofungua macho, kikapu kilikuwa chini na viazi vimetapakaa matopeni. Bibi anamtazama mtoto uchi kwenye mvua. Akatazama mlango, mchi upo palepale. Akatazama ukuta wa nyumba, ule weusi unaopanda.

"Nimemtoa, Mama," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikuyumba. "Nimemtoa mwenyewe. Nisingekaa ndani mara ya pili."

Nilisubiri radi ipige. Bibi alikaa chini. Alikaa pale pale kwenye tope bila kujali nguo yake, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya.

"Mara ile ulitaka kutoka," akasema. "Uliniomba. Mimi ndiye niliyekuzuia mlangoni. Nikasema tuwafukuze kwa moshi. Majani mabichi yale niliyaweka mimi kwenye moto."

"Mama, basi."

"Siafu waliondoka. Moshi haukuondoka."

Hivyo ndivyo nilivyokuja kujua. Hakuna ndege aliyemchukua mdogo wangu yule wa kwanza. Waliwasha moto wa majani mabichi ndani ya chumba kilichofungwa, mama na mtoto wamo humohumo kwa sababu ya mchi, na kifua cha mtoto mchanga hakikuuweza moshi ule. Watu wote wazima walijua, ila hawakulisema, hata wao kwa wao. Bibi alilifunga mdomoni, akaulaza tena mchi uleule kwa mtoto huyu mwingine. Nimemfikiria sana bibi tangu niwe na watoto wangu, na sina hasira naye. Alikuwa anaogopa kama mimi. Lusajo, maana ndilo jina alilopewa mdogo wangu kitovu kilipodondoka, yeye hukasirika nikisema hivyo.

Lakini siku ile sikuwa na fikra hizo, nilikuwa nimebana nyuma ya mama, maana nilikuwa sijawahi kumwona bibi akilia na sikujua mtu mkubwa akianza kulia nani anamnyamazisha. Mama naye alikuwa amekwisha, damu ya uzazi inamshuka mguuni na mvua inaichukua. Angeweza kumwangusha mtoto wakati wowote. Bibi aliliona hilo. Akafungua kanga yake kavu ya ndani, akaitandaza mapajani, akanyoosha mikono.

Mama hakumpa. Alimkumbatia mtoto akamtazama bibi, na bibi hakuishusha mikono wala hakuomba. Manyunyu yaliendelea. Kuku mmoja juu yetu alijikung'uta. Nilifikiri tutakaa hivyo mpaka usiku uingie.

Mwishowe mama akasogea kwa magoti, akamweka mtoto kwenye ile kanga, lakini mkono wake hakuutoa, ulibaki chini ya kisogo cha mtoto.

"Mshike shingo vizuri," akasema.

Bibi, ambaye alikuwa amelea watoto wake na wa wenzake, ambaye nusu ya Ibaba ile ilipita mikononi mwake, aliinamisha kichwa kama msichana anayefundishwa.

"Nimemshika," akasema.